Hesabu ya utumbo si ramli

Mwishoni mwa 2024 jopo la kimataifa la wataalamu lilichapisha tamko kuhusu upimaji wa vijidudu vya utumbo katika jarida la The Lancet Gastroenterology & Hepatology. Ujumbe wake ulikuwa mkavu: kwa sasa ushahidi hautoshi kuvifanya vipimo hivi sehemu ya kawaida ya matibabu, na haishauriwi mtu ajipimishe kwa hiari yake bila daktari kuona sababu. Tamko limekuja wakati biashara yenyewe imeshika kasi. Mteja anatia choo kidogo kwenye kichupa, anakituma kwa posta, kisha anasubiri ripoti yenye grafu za rangi, alama ya afya ya utumbo na orodha ya vyakula vya kula na vya kuepuka. Siku hizi ripoti hizo hupambwa kwa msamiati mpya: akili mnemba, modeli ya kihisabati, hata pacha wa kidijitali wa utumbo wako, yaani nakala yake ndani ya kompyuta.

Pande mbili zimelisoma tamko hilo, na zote zimelisoma vibaya. Wauzaji wanasema kilichobaki ni muda tu, kwamba data zikiongezeka na kompyuta zikipata nguvu zaidi, utabiri utakaa sawa. Wenye shaka wanasema ndiyo hayo waliyoyasema tangu mwanzo, kwamba utumbo hauingiliki kwa hesabu na anayedai vinginevyo anatafuta pesa. Kwa maoni yangu kila upande umechanganya vitu viwili visivyo ndugu. Modeli ya kihisabati ya jamii ya vijidudu thamani yake haiko katika kumwambia mtu mmoja tumbo lake litakuwaje mwezi ujao. Iko katika kuzibana hadithi tunazosimuliana kuhusu utumbo, kuzilazimisha zitaje nani anamlisha nani, nani anamzuia nani, kwa kasi gani, na ni matokeo yapi yakionekana hadithi ihesabiwe imeshindwa. Ikitumiwa hivyo imeshaleta faida zinazoonekana. Ikigeuzwa ramli inakosa hata malighafi ya kufanyia kazi, na kompyuta kubwa haizalishi malighafi.

Tuangalie kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio yaliyofanywa upya mwaka 2016 na Ron Sender na wenzake yanampa mwanamume wa kilo 70 bakteria trilioni 38 hivi, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana, na uzito wao wote ukiwa kama gramu 200. Idadi hiyo inakaribiana na ya seli za mwili wenyewe. Lile dai la kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu lilizikwa hapo, ingawa vipeperushi vya matangazo havijapata taarifa ya msiba. Bakteria hao ni wa mamia ya aina. Wanashindania chakula, wanatoa takataka ambazo kwa jirani ni chakula, wanabadilisha uchachu wa mazingira yao na kutupiana sumu. Picha ya jamii hiyo tumeipata kwa kusoma vinasaba vilivyomo ndani ya kinyesi. Picha, lakini, haisemi mambo yanaelekea wapi.

Mlinganyo unaotumika zaidi kueleza mwelekeo huo ni mkongwe kuliko penisilini. Alfred Lotka aliuandika Marekani mwaka 1925, na mwaka 1926 Vito Volterra akaufikia Italia kwa njia yake, akijaribu kueleza kwa nini samaki wawindaji walichukua sehemu kubwa zaidi ya mavuno ya Bahari ya Adriatiki baada ya Vita Kuu ya Kwanza kupunguza uvuvi. Ukipanuliwa kwa aina nyingi unasema hivi: kasi ambayo aina fulani inaongezeka au kupungua ni idadi yake ya sasa, mara jumla ya vitu viwili, yaani kasi yake ya asili ya kukua na athari za kila aina iliyopo, yenyewe ikiwamo. Athari ikiwa hasi, jirani anakuzuia. Ikiwa chanya, anakusaidia. Hakuna zaidi ya hapo. Uzuri wake ni kwamba kila namba ndani yake ina maana inayoweza kuelezwa kwa mtu asiyejua hesabu.

Ubaya wake unaanza unapotaka kuzijua namba hizo. Jamii ya aina 12 inahitaji kasi 12 za kukua na athari 144 za aina juu ya aina, jumla 156. Ya aina 100 inahitaji namba 10,100. Namba hizi hazisomwi popote kwa kutazama. Zinakisiwa kutokana na mabadiliko: unapima jamii leo, kesho na keshokutwa, unaitikisa kwa antibiotiki au kwa lishe tofauti, unapima tena, kisha unauliza ni athari zipi zingezaa mwendo huo. Sasa fikiria kile kichupa kimoja cha posta. Kinatoa orodha ya waliokuwapo siku moja, na kasi hata moja hakitoi. Mtu mwenye sampuli moja hawezi kukisia athari ya aina moja juu ya nyingine ndani ya tumbo hilo, sembuse elfu kumi. Anachoweza ni kulinganisha picha yako na picha za watu wengine na kusema unafanana na nani. Kazi hiyo ina matumizi yake, ila kuiita pacha wa utumbo wako ni kumdanganya mteja.

Kuna tatizo la pili, na hili huwapiga chenga hata watafiti wazoefu. Mashine za kusoma vinasaba kwa kawaida hutoa mgawanyo kwa asilimia. Hazisemi kuna bakteria wangapi. Chukua gramu moja ya kinyesi yenye bakteria bilioni 100, nusu wa aina A na nusu wa aina B. Mtu anameza antibiotiki. Aina B inaporomoka kutoka bilioni 50 hadi bilioni 10, na aina A nayo inaumia, inashuka hadi bilioni 40. Ripoti ya asilimia itasema A imepanda kutoka 50 hadi 80. Mchambuzi asiye makini ataandika kwamba antibiotiki inaistawisha A, na modeli yake itaweka athari chanya mahali palipotakiwa hasi. Kila kitakachojengwa juu yake kitapinda. Mwaka 2017 kundi la Jeroen Raes huko Leuven, Ubelgiji, lilihesabu seli zenyewe na kukuta kwamba hata watu wenye afya wanaweza kutofautiana mara kumi kwa wingi wa bakteria katika kinyesi. Mwaka 2024 kundi la Peer Bork huko Heidelberg lilikwenda mbali zaidi: lilionyesha kwamba wingi huo ni kichocheo kikubwa cha tofauti tunazoziona kati ya mtu na mtu, na kwamba uhusiano mwingi uliodaiwa kati ya bakteria fulani na magonjwa fulani unadhoofika wingi ukishazingatiwa. Mtu mwenye kuhara ana bakteria wachache kwa gramu kuliko mwenye choo kigumu. Sehemu ya kile tulichokiita alama ya ugonjwa huenda ilikuwa alama ya kasi ya choo.

Hapo mwenye shaka atapiga makofi. Umeona? Utumbo ni mgumu mno, hesabu iache. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa huvaa joho la unyenyekevu. Anayeikataa modeli iliyoandikwa kwa milinganyo haachi kuwa na modeli. Anabaki na modeli ya maneno, na mara nyingi ni ile ya bakteria wazuri na wabaya: ongeza wazuri, punguza wabaya, utapona. Hiyo nayo ni nadharia ya jamii ya vijidudu, tena ni nadharia ya kijasiri, kwa sababu inadai kwamba ukimwingiza mgeni mzuri atapata nafasi, atakaa, na wenyeji hawatajali. Tofauti ni kwamba haikuandika madai yake mahali yanapoweza kuhojiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli waliyajaribu. Waliwapa watu antibiotiki, kisha kundi moja likameza probiotiki, yaani vidonge vya bakteria hai, ya aina 11 za bakteria, kundi jingine likarudishiwa kinyesi chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa, na la tatu likaachwa lijirekebishe. Waliomeza probiotiki walichelewa kurejea kwenye jamii yao ya asili kuliko hata walioachwa hivi hivi. Kwa modeli ya maneno hilo ni fumbo. Kwa modeli ya ushindani halishangazi, kwani anayefika mapema kwenye ardhi tupu huwa kikwazo kwa mwenyeji anayejaribu kurudi.

Na huo ugumu wenyewe, tunajuaje kwamba ni ugumu wa aina gani? Hata swali hilo ni la kihisabati, na lina jibu la kushangaza. Kwa miaka mingi wanaikolojia waliamini kwamba jamii yenye aina nyingi na mahusiano mengi ndiyo iliyo imara zaidi. Mwaka 1972 Robert May alichapisha makala fupi katika jarida la Nature akionyesha kinyume chake kwa jamii ambayo athari zake zimepangwa kwa kubahatisha. Kanuni yake ni hii: zidisha idadi ya aina kwa sehemu ya jozi zinazoathiriana, tafuta kipeuo cha pili chake, kisha zidisha kwa ukali wa wastani wa athari hizo. Jibu likizidi moja, yaani likipita kiwango ambacho kila aina inaweza kujidhibiti yenyewe, jamii haitulii. Kwa aina 100 ambazo robo ya jozi zake zinaathiriana, kipeuo cha pili ni 5, hivyo ukali usizidi 0.2. Kwa aina 400 kipeuo ni 10, na ukali unaoruhusiwa unashuka hadi 0.1. Maana yake ni kwamba utumbo wenye mamia ya aina, unaobaki na sura ileile kwa miezi na miaka, hauwezi kuwa mkusanyiko wa kubahatisha wenye mahusiano makali. Kuna kitu kinaushikilia. Swali likahama kutoka kushangaa utulivu hadi kutafuta nguzo zake, na kuhama huko ni kazi ya mlinganyo.

Katharine Coyte, Jonas Schluter na Kevin Foster walilichukua swali hilo mwaka 2015 katika jarida la Science. Matokeo yao yanauma mtu yeyote anayependa kuzungumzia utumbo kama kijiji cha ujamaa. Ushirikiano mwingi kati ya bakteria unaivuruga jamii, na ushindani unaituliza. Mantiki yake, ukiifuata hatua kwa hatua, haina uchawi. Aina mbili zinazosaidiana zikipanda zinapandishana, na moja ikianguka inaivuta nyingine chini, kwa hiyo mtikisiko mdogo unakua. Ushindani unafanya kinyume: aina inayopanda inakutana na wapinzani wanaoirudisha. Mwili wenyewe unaweza kusaidia utulivu kwa kuwatenganisha bakteria kwenye sehemu mbalimbali za utumbo, kwa kuwadhibiti kupitia kinga, na kwa kuwapa chakula ili wasitegemeane mno. Silichukulii hitimisho hili kama sheria. Modeli yao inachunguza misukosuko midogo karibu na hali ya utulivu na haina chakula ndani yake kama kitu kinachokwisha. Wengine wamekwisha kuonyesha, Babak Momeni na wenzake mwaka 2017, kwamba pale aina moja inapoiathiri nyingine kupitia kemikali, mlinganyo wa jozi kwa jozi unaweza kushindwa kabisa kubeba mwendo halisi, kutegemea kama kemikali hiyo inaliwa ikaisha au inatumika bila kuisha. Lakini tazama aina ya ubishi unaoendelea hapo. Watu wanagombania dhana iliyoandikwa wazi, na majaribio ya maabara yanaweza kuamua. Ubishi wa bakteria wazuri na wabaya haujawahi kufika huko.

Mfano ninaouona wa thamani kuliko yote ni wa Clostridioides difficile, bakteria anayeshambulia utumbo uliofagiliwa na antibiotiki na kuleta kuhara kunakoweza kuua. Ilijulikana zamani kwamba jamii kamili humzuia. Mwaka 2013 jaribio lililoongozwa na Els van Nood nchini Uholanzi lilikuwa na matokeo makubwa kiasi cha kusimamishwa mapema: kati ya wagonjwa 16 waliowekewa kinyesi cha watu wenye afya, 13 walipona baada ya mara moja, wakati kwa waliotumia antibiotiki ya vancomycin peke yake walipona 4 kati ya 13. Kinyesi kinaponya, basi. Lakini kipi ndani yake? Kinyesi kizima ni mzigo wa hatari pia. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufariki kutokana na bakteria sugu aliyetoka kwa mchangiaji. Kwa hiyo kumtambua mhusika kulikuwa na uzito wa uhai na kifo. Mwaka huohuo wa 2013 kundi la Richard Stein na wenzake lilichukua data za panya waliopewa antibiotiki ya clindamycin na kuambukizwa, likaziingiza kwenye mlinganyo wa Lotka na Volterra uliopanuliwa kubeba athari ya dawa, na kukisia nani anamzuia nani. Mwaka 2015, katika Nature, Charlie Buffie na wenzake wakaunganisha modeli za namna hiyo na data za panya na za wagonjwa, wakabaki na majina machache. Aliyejitokeza zaidi ni Clostridium scindens. Walimrudisha kwa panya, na panya wakapata kinga zaidi dhidi ya ugonjwa. Kutoka mamia ya watuhumiwa hadi mmoja anayeweza kujaribiwa, hiyo ni kazi ambayo kutazama orodha kusingeifanya.

Hadithi hiyo ina mkia ambao wasimuliaji wengi huukata. Maelezo yaliyotolewa ya namna C. scindens anavyolinda yalikuwa asidi za nyongo: bakteria huyu anazigeuza zile zinazotoka kwenye ini kuwa aina ya pili ambayo C. difficile haiwezi kuistahimili. Maelezo mazuri, yakaingia kwenye mihadhara. Mwaka 2021 watafiti wengine wakatumia panya ambao hawana asidi hizo za pili, na kukuta kinga inaweza kupatikana hata hivyo, wakanyooshea kidole ushindani wa kugombea virutubisho, hasa asidi za amino. Modeli ilimtaja mhusika. Haikuthibitisha mbinu yake, wala haikudai. Mlinganyo ule una namba moja tu inayosema huyu anamzuia yule, na ndani ya namba hiyo kunaweza kufichwa nyongo, njaa, sumu au vyote kwa pamoja. Anayejua mipaka hiyo anaenda kufanya jaribio linalofuata. Asiyeijua anauza vidonge.

Sasa upande wa wapenda data, ambao nao wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Wanauliza: kwa nini tuhangaike na utaratibu wa ndani ikiwa utabiri unafanya kazi? Mwaka 2015 kundi la Eran Segal na Eran Elinav lilifuatilia watu 800 waliovaa vipima sukari kwa wiki nzima, milo 46,898, wakaifundisha programu kutabiri sukari ya damu itapandaje baada ya mlo, wakitumia pia taarifa za vijidudu. Utabiri ulisimama hata kwa kundi jingine la watu 100. Mwaka 2022 mtandao wa neva wenye kumbukumbu ya mfululizo, aina mojawapo ya akili mnemba, uliushinda mlinganyo wa Lotka na Volterra katika kutabiri mwendo wa jamii ya aina 25 za utumbo wa binadamu iliyokuzwa maabara. Hayo ni mafanikio ya kweli na hakuna sababu ya kuyabeza. Ila soma masharti yake. Katika jaribio la sukari kitu kilichotabiriwa kilipimwa moja kwa moja, mara elfu nyingi, na vijidudu vilikuwa sehemu tu ya taarifa zilizotumika. Katika jaribio la aina 25 watafiti walijua hasa walichoweka kwenye kila kisahani na walikuwa na michanganyiko mingi ya kufundishia. Kichupa cha posta hakina lolote kati ya hayo. Tena kuna jambo zito zaidi: tiba ni kuuingilia utumbo, na kuuingilia ni kuupeleka mahali ambapo data za zamani hazikufika. Programu iliyojifunza kutoka kwa watu ambao hawakuguswa haina msingi wa kusema nini kitatokea ukiwagusa, isipokuwa imebeba kwa namna fulani uhusiano wa sababu na matokeo.

Hapa katikati kuna njia ambayo mimi naiona ya kiungwana zaidi: kuipunguza jamii hadi ukubwa ambao namba zake zinapimika. Ophelia Venturelli na wenzake walichapisha mwaka 2018 kazi juu ya aina 12. Walizikuza moja moja, kisha mbili mbili, jozi zote 66, wakazikisia zile namba 156, na modeli iliyojengwa kwa vipande hivyo ikaeleza kwa kiasi kikubwa mwendo wa jamii nzima. Baadaye wakapanua hadi aina 25 na kuuliza swali la manufaa: mchanganyiko upi utazalisha butireti nyingi zaidi, ile asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ndani ya maabara unaiona ikolojia yote mezani. Bifidobacterium adolescentis anachachusha wanga na kutoa laktati, Anaerostipes caccae anaichukua laktati na kutoa butireti. Ukimwondoa wa kwanza, wa pili anabaki hana mlo huo. Ukiwaongeza wengine wanaoila laktati, hesabu inageuka.

Kisahani cha maabara si utumbo, hilo halibishaniwi. Utumbo unatiririka. Tangu Jacques Monod aeleze katikati ya karne iliyopita jinsi bakteria wanavyokua kwenye chombo kinachoingiza na kutoa maji, inajulikana kwamba mtiririko ukizidi kasi ya kukua, bakteria wanafagiliwa. Jonas Cremer, Terence Hwa na wenzao wameonyesha kwamba uwezo wa bakteria kubaki kwenye utumbo mpana unategemea misuli inayochanganya yaliyomo, na kwamba ufyonzaji wa maji na uchachu vinaamua nani anashinda wapi. Kinyesi tunachopima ni kile kilichofika mlangoni. Modeli nyingine kubwa, zinazohesabu mikondo ya kemikali ndani ya kila bakteria, zimepanuka kutoka aina 773 mwaka 2017 hadi 7,302 katika toleo la mwaka 2023, na ni ghala la ajabu la maarifa ya nani anaweza kula nini. Ila nyingi huanza na dhana kwamba bakteria anajitahidi kukua kwa kasi ya juu kabisa, dhana ambayo bakteria aliyebanwa kwenye ute wa utumbo akisubiri mlo ujao anaweza kuicheka.

Ukiyaweka hayo pamoja, madai ya kudai kwa watafiti na wauzaji yanabadilika. Kwa utafiti, sehemu kubwa ya fedha inayotumika kununua uwezo wa kompyuta ingefaa kwenda kwenye kuhesabu seli, ili asilimia zigeuke idadi, na kwenye kuwafuatilia watu wachache kwa sampuli za kila siku badala ya watu wengi kwa sampuli moja moja. Sampuli za kila siku kwa mwezi mmoja kutoka kwa mtu mmoja, akiwa katikati ya dozi ya antibiotiki, zinasema juu ya kasi na athari mambo ambayo sampuli moja moja za watu elfu haziwezi. Kwa matibabu, kipimo cha modeli kiwe jaribio lililotokana nayo, linalowagawa watu kwenye makundi kwa bahati nasibu. Barabara hiyo ni ndefu na ina mifano. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Gordon lilitumia programu ya kukisia umri wa mtoto kutokana na bakteria wake, likaona kwamba watoto wa Bangladesh wenye utapiamlo wana jamii changa kuliko umri wao. Zikafuata kazi za panya na nguruwe wasio na vijidudu vyao wenyewe, vikaundwa vyakula vinavyolenga bakteria waliokosekana, na mwaka 2021 jaribio la watoto wa miezi 12 hadi 18 huko Dhaka likaonyesha kwamba chakula hicho, cha dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, kilileta ongezeko bora la uzito kuliko kirutubisho cha kawaida chenye nishati nyingi zaidi. Miaka 7 kutoka hesabu hadi kijiko, na hakuna hatua iliyorukwa. Vivyo hivyo kwa C. difficile: mwaka 2023 jaribio la mchanganyiko wa aina 8 tu za bakteria zinazojulikana kwa jina lilikuta ugonjwa umerudi kwa asilimia 13.8 ya waliopewa dozi kubwa, dhidi ya 45.5 kwa waliopewa kidonge kitupu.

Kwa wasimamizi wa afya nadhani swali la kumuuliza muuzaji ni moja na ni rahisi. Asiulizwe kama anatumia akili mnemba, wala ana sampuli ngapi kwenye hifadhidata yake. Aulizwe modeli yake ilitabiri nini kuhusu watu ambao utumbo wao ulibadilishwa kwa tiba, kabla ya tiba hiyo, na utabiri huo ulikosea mara ngapi. Muuzaji asiye na namba ya kujibu anaweza kuendelea kuuza grafu za rangi kama burudani, kwa sharti kwamba orodha ya vyakula iondolewe kwenye ukurasa wa mwisho.